Kuhusu Binti Yako Anayetia Risasi Mtoni

Maabara ya Mashapo ya Mto,
Ofisi ya Mkuu wa Maabara,
Mlango wa pili baada ya bomba bovu.

Kwa Kaka Mkubwa,
Fundi Cherehani,
Nyumba ya kona, mkabala na ghala la mbao.

Kaka yangu ninayekuheshimu,

YAH: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA BINTI YAKO WA KWANZA, PAMOJA NA OMBI LA KUMRUDISHA NYUMBANI

Shikamoo. Nimetumia karatasi yenye nembo ya ofisi ili uelewe kwamba leo sikuandikii kama yule mdogo wako uliyekuwa ukimbeba mgongoni, bali kama mkuu wa taasisi iliyovamiwa. Ningeweza kupeleka malalamiko haya kwa Mkurugenzi, na kweli niliyapeleka. Alinijibu kwa sentensi moja kwamba binti anafanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Kwa hiyo nimeona nipande ngazi ya juu zaidi, yaani baba yake mzazi.

Sikatai kwamba ni mimi niliyemwajiri. Wakaguzi walikuja, wakazunguka, wakakunja nyuso, wakasema maabara yetu inapima tope la mto lakini hakuna anayepima huo upimaji wetu, na kwamba tusipokuwa na Mhakiki Ubora tutafungiwa. Nikakaa nikafikiri: ni nani ataweza kukikalia kiti hicho bila kukitumia? Nikamkumbuka mtoto wetu. Ana shahada ya kemia, mpole, haongei wakati wa kula, na zaidi ya yote ni damu yangu. Nikajiambia huyu hawezi kumwumbua baba yake mdogo mbele za watu. Nikampa meza karibu na dirisha, kalenda ya mwaka huu, na ua la plastiki ambalo halihitaji kumwagiliwa. Nilitarajia atatulia kama lile ua.

Naomba sasa uvute kiti, kwa sababu yaliyofuata si ya kusomwa umesimama.

1. Kupima kisichokuwepo.

Kwa kuwa wewe si wa fani hii, nikueleze kwamba kazi yetu ni nyepesi sana mtu akiacha kuifikiria. Tope linachotwa chini ya mto, linakaushwa kwenye tanuri, linapimwa uzito, linachemshwa kwenye asidi, na maji yake yanapitishwa kwenye mashine inayotuambia kuna risasi kiasi gani. Risasi ninayoisema si ya bunduki. Ni yale madini yanayovuja kutoka karakana za betri chakavu kule juu, ambayo wataalamu wanadai hudumaza akili za watoto. Cheti kinatoka, mteja anafurahi, nasi tunakwenda kula.

Binti yako, hata kiti hakijapata joto, akaingiza katikati ya sampuli zetu chupa isiyo na tope hata chembe. Ilikuwa na asidi na maji safi basi. Akaipa namba kama wenzake. Mpimaji wetu mkongwe, ambaye kwa mapenzi tunamwita Bwana Makadirio, akaipima na kuiandikia risasi ya kutosha. Binti akaja ofisini kwangu na karatasi mkononi.

"Baba Mdogo, chupa hii haina tope. Hii risasi imetoka wapi?"

Nikamwambia mashine ni mali ya umma na ina uhuru wake.

"Imetoka kwenye bika, hivi vikombe vya kuchemshia," akasema. "Samahani, Baba Mdogo, naomba niseme wazi: hazioshwi. Zinasuuzwa tu."

Angalia adabu hiyo, kaka. Anakuomba samahani huku anakuvua nguo. Isitoshe, mtu yeyote mstaarabu akiletewa chupa tupu hurudisha chupa tupu. Sisi tuliipokea tupu tukairudisha ina kitu, na badala ya kusifiwa kwa ukarimu tukaandikiwa ripoti.

2. Kumtega mtu mzima.

Mteja wetu mkubwa ni mkandarasi anayezoa tope chini ya daraja na kuliuza kama udongo wa kujazia viwanja. Mtaani wanamwita Bwana Malori. Alileta ndoo ya tope lake. Binti yako akaigawa ndoo hiyo mafungu mawili, akayapa namba mbili tofauti, akayapeleka kwa Bwana Makadirio bila kusema neno. Fungu la kwanza likatoka salama. La pili likatoka na risasi ya kumtisha hata mwenye karakana.

Binti akaitisha kikao. Bwana Makadirio, ambaye ameanza kazi hii kabla binti yako hajaota jino, alijitetea kwa heshima zote. "Mwanangu, mimi tope nalijua kwa vidole. Lile la kwanza lilikuwa laini, ndiyo maana."

"Mzee wangu," akamjibu taratibu, "ilikuwa ndoo moja."

Hata feni ilionekana kuona haya. Mimi nikaleta suluhu ya kiungwana: mteja apewe majibu yote mawili, achague linalomkaa. Dukani kwako mtu si hujaribu suruali mbili akaondoka na moja? Binti akanitazama kwa macho yale ya marehemu mama yetu, akaandika kitu, akageuza ukurasa.

Na hapa, kaka, lawama ni yako. Ulimlea chini ya meza ya kukatia vitambaa. Alikua akikuona unazungusha utepe kiunoni mwa mtu, unaandika, kisha unazungusha tena kabla hujagusa mkasi. Mtoto akadhani dunia nzima inaendeshwa hivyo.

3. Kununua tope.

Tunao mto mzima, kaka. Unapita nyuma ya ofisi, na mvua ikinyesha unaingia ndani wenyewe bila kuitwa. Hata hivyo binti yako aliagiza tope la kununua. Lilikuja ndani ya kichupa kidogo kuliko cha dawa ya macho, limefungwa kwenye sanduku, sanduku ndani ya sanduku, na cheti kinachoeleza kwamba maabara nyingi zimelipima na zote zimekubaliana lina risasi kiasi gani. Kazi yetu ilikuwa kulipima na kuona kama tutapata jibu hilohilo.

Tulipata theluthi yake.

Nilibaki mtulivu. Nikapendekeza tuwaandikie waliolitengeneza, kwa lugha ya upole, kuwajulisha kwamba tope lao lina kasoro. Binti akasema kasoro ni yetu: tunachemsha tope haraka haraka ili tuwahi chakula, asidi haipati muda wa kuitoa risasi yote, kwa hiyo kila tope tulilowahi kulitangaza salama huenda lilikuwa na risasi mara tatu ya tulivyoandika. Alisema hayo mbele ya mhudumu wa chai.

Sasa hebu tuliangalie jambo hili kwa utu. Chupa isiyo na risasi tuliipa risasi. Tope lenye risasi nyingi tulilipunguzia. Tunachukua kwa mwenye nacho tunampa asiye nacho. Kwingine watu wa namna hii huitwa waungwana. Hapa wanaitwa kwenye kikao.

4. Vibandiko.

Alipoona maneno hayatoshi, akaleta vibandiko vyekundu. Cha kwanza akakibandika kwenye tanuri: USITUMIE. Tanuri hilo, pamoja na kukausha tope, hupasha viporo vyetu mchana, mpango nilioubuni mwenyewe baada ya jiko la ofisi kuharibika. Ati mlango ukifunguliwa kila mara joto linashuka, na ati tope na chakula havipaswi kukaa rafu moja. Tukala viporo vya baridi kama watu waliofiwa.

Cha pili akakiweka kwenye mizani. Mizani yetu husoma hivi mlango ukiwa wazi, na husoma vingine mlango ukifungwa. Mimi siku zote nimeiona kuwa mizani yenye hisia. Yeye akaleta jiwe la mizani lenye uzito unaojulikana, akaliweka, akafungua mlango, akaufunga, akaandika, akaufungua tena. Mlinzi alidhani anapunga mashetani.

Cha tatu alikibandika kwenye muhuri wangu. Muhuri wa Mkuu wa Maabara! HAUJATHIBITISHWA. Nilijaribu kukibandua kwa kucha. Gundi yake ni ya kweli. Hilo nalo nadhani alilijaribu kwanza.

5. Kunipokonya mtu.

Lalamiko hili lingekuwa la kwanza kama ningeandika kwa uchungu badala ya utaratibu. Bwana Makadirio amehama.

Baada ya mkasa wa ndoo, mzee wa watu alinuna, akawa anakula peke yake karibu na bomba bovu. Nilifurahi, mtu aliyenuna ni rahisi kumwongoza. Nikamvika kilemba cha ukoka, nikamwambia uzoefu wake unatosha kuliko vichupa vyote vya dukani, na nikamwomba asaini barua ya kumkataa binti yako. Akaichukua kalamu. Mara binti akaja na bika mbili. Hakumsimanga wala kumhubiria. Alivuta kiti akamwuliza, "Mzee wangu, unachemsha mpaka uone nini?" Mzee akaanza kueleza, akaeleza, mpaka akaishika bika moja akaigeuzageuza. Akasema, "Unajua, zamani tulikuwa tunaacha usiku kucha. Sijui tuliacha lini."

Kalamu yangu aliiweka chini bila kusaini. Siku hizi anaandika tarehe kwenye kila chupa, anaosha bika mpaka zinalia, na nikimwuliza tope fulani likoje ananijibu, "Bado sijajua, Mkuu." Bado sijajua! Mtu aliyekuwa akijua kabla chupa haijafunguliwa! Nilipomkumbusha jina lake, akaniomba kwa adabu nisimwite hivyo tena. Sasa simwiti chochote, nampungia mkono.

6. Kuzuia maendeleo, akiwa amesimama katikati ya njia.

Bwana Malori alipata kazi ya kujaza uwanja wa shule ya msingi, ule unaogeuka bwawa kila mvua zikija. Nilikwisha kumpa cheti, kwa kutumia lile jibu la kwanza la ndoo, ambalo binafsi lilinivutia. Binti yako akapata habari. Akaja ofisini, hakukaa.

"Baba Mdogo, kile cheti tukirudishe."

Nikamwambia cheti kikishatoka kimetoka, hakina tofauti na neno.

"Basi neno nalo lirudishwe," akasema. "Watoto watacheza pale."

Nikamwambia kwa upole wa kizazi kilichomtangulia kwamba mkubwa hukosolewa faraghani, kwa mafumbo, na ikiwezekana baada ya kustaafu. Akaitikia, "Nimesikia, Baba Mdogo," akatoka. Nami nikajua nimeshinda.

Hakwenda mezani kwake. Alipanda pikipiki akaenda shuleni, huku yule mzee aliyekuwa wangu kakaa nyuma amekumbatia sanduku la vichupa. Walifika lori la kwanza likiwa linapinda getini. Binti yako akasimama mbele yake. Dereva akapiga honi, yeye akabaki pale pale na koti lake jeupe. Mwalimu mkuu akatoka, wazazi waliokuja kulipa karo wakatoka, muuza karanga akahamishia biashara hapo. Akawaeleza wote, pole pole, bila kunitaja, kwamba maabara imekosea na inapima upya. "Maabara imekosea." Kaka, maabara ni mimi! Hakuna mwingine humo ndani mwenye ofisi yenye pazia.

Bwana Malori alinipigia simu akitoa maneno ambayo mashine yangu ya simu haijawahi kuyabeba. "Mkuu, wewe ndiye unayeongoza hapo au unaongozwa na mtoto?" Nilimjibu kwamba mtandao ni mbaya.

Hayo ndiyo malalamiko. Sasa naomba unifuate katika hoja yangu kuu, ambayo hata Mkurugenzi alishindwa kuijibu, alikata simu tu.

Kwa miaka yote niliyoiongoza maabara hii, mto wetu ulikuwa safi. Vyeti vipo, vimejaa makabati mawili na chini ya ngazi. Karakana za betri zilikuwepo, malori yalikuwepo, tope lilikuwepo, na risasi haikuwepo. Akaja binti yako. Bika zikaoshwa, mizani ikahamishwa mbali na mlango, tope likachemshwa mpaka likakoma, na ghafla risasi ikajaa kuanzia darajani mpaka kwenye mabanda ya kuoshea magari. Hakuna kingine kilichobadilika. Sasa mimi na wewe tuulizane kama watu wazima: nani ametia risasi mtoni?

Kwa misingi hiyo ninaomba yafuatayo, nikianza na dogo.

Kwanza, umwite umkanye, umwambie jibu moja linatosha na la pili ni uchoyo. Hilo likishindikana, umtafutie mchumba anayeishi mbali na mto wowote, hata kijito; mwenye kisima aulizwe maswali kwanza. Na hilo nalo likigonga mwamba, naomba uitishe kikao cha ukoo, wewe ukiwa mwenyekiti, tukae tupitishe sisi wenyewe kiwango cha risasi kinachokubalika. Hivi sasa kiwango hicho kinawekwa na watu wasiotujua, wasiojua shida zetu, na ambao hawajawahi hata kuhudhuria msiba wetu mmoja. Tukikipandisha mara nne, mto utakuwa safi kabla hatujanywa chai, na binti yako atakuwa amefanikiwa kuusafisha. Mimi nitakuwa wa kwanza kumpongeza kwa maandishi.

Sijui kama nimekuwa mkali. Ni mtoto wangu pia. Nampenda, na ningempenda zaidi kama angekuwa idara nyingine.

Msalimie sana shemeji. Wasalimie wajukuu wote mnaokaa nao, hasa yule mdogo aliyeanza kutembea, na wateja wako wanaoningojea nije kuchukua suruali yangu. Mke wangu anawasalimu. Wafanyakazi wa maabara wangekusalimu pia, ila wako mtoni wanachota tope upya.

Nakutakia afya njema na mkono imara kwa mtoto,

Mdogo wako,
MKUU WA MAABARA
(Sijagonga muhuri. Sababu imeelezwa kwenye lalamiko la nne.)

N.B. Kama umeanzia juu, kaka, samahani, ungeanzia hapa. Nilikuwa nakunja barua mke wangu alipoingia. Ameongea na shemeji kwa simu. Anasema lile lori la udongo mlilomwaga uani kuinua pale panapotuama maji ni tope la kutoka chini ya daraja, na kwamba wajukuu wamekuwa wakilifinyanga tangu juzi, na yule mdogo analitia mdomoni. Anasema muuzaji alikuonyesha cheti, nawe ukasoma jina la chini ukamwambia, "Kama mdogo wangu ametia saini, sina haja ya kuuliza."

Nimepiga simu yako, haipokelewi. Najua ukiwa kwenye cherehani husikii. Sina muda wa kuandika nyingine. Watoeni watoto uani sasa hivi. Waosheni mikono kwa sabuni, na kucha, na msiwaache watembee peku. Yule mdogo mpelekeni hospitali apimwe damu, na semeni wazi ni kwa ajili ya risasi. Mwageni maji pale pasitimke vumbi, na msifagie.

Barua hii anakuletea binti yako mwenyewe. Dereva wa ofisi amewasha gari, yeye yuko ndani na sanduku lake na yule mzee. Nimemwambia achote kila kona ya ua, na achukue muda wowote anaoutaka. Atakachokwambia ndicho. Akisema watoto wasitoke nje, wasitoke, hata mwezi. Usinipigie mimi kuniuliza kama ni kweli.